Taa ya Tiba: Historia Yake, Faida Yake, na Uongo Unaouzwa kwa Jina Lake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Masahaba zake.

Wiki hizi nimeulizwa swali moja na watu wengi, wengine baada ya sala, wengine kwa ujumbe wa simu: "Shekhe, hizi taa nyekundu za kutibu maumivu ni za kweli au ni utapeli?"

Mnazijua. Kuna mkanda wenye taa unaofungwa kiunoni au kwenye goti, kuna taa ya kushika mkononi, kuna kofia ya kuvaa kichwani. Wauzaji wanakodi ukumbi, wanapima watu presha bure, kisha wanafungua sanduku. Mzee anaambiwa taa ile itaondoa maumivu ya mgongo, na kisukari, na presha, na mtoto wa jicho, na upungufu wa nguvu za kiume, na hata saratani. Bei yake ni mbuzi watatu wakubwa. Na wapo waliokwisha kuuza hao mbuzi.

Ndugu yangu, ningekujibu "ni kweli" ningekupeleka kwenye hasara. Ningekujibu "ni uongo" nisingekuwa muadilifu, kwa sababu nuru ni tiba kweli, na wapo watoto katika jiji hili hili la Mwanza wanaotembea na kusikia leo kwa sababu Allah alijaalia taa iwe sababu ya kupona kwao. Kwa hiyo leo tusome historia. Ukijua kitu kilikotoka, hutasumbuliwa na anayekiuza. Soma mpaka mwisho, usiishie njiani.

NUKTA YA KWANZA: WANAZUONI WETU NA UGONJWA WA MBALANGA

Wengi wanadhani tiba ya nuru ni habari ya Wazungu. Si hivyo.

Yuko mwanachuoni anaitwa Ibn al-Baytar. Alizaliwa Malaga, Andalusia, akasafiri Afrika Kaskazini na nchi za Sham akikusanya mimea na kuwauliza watu wanavyoitumia. Alifariki Damascus mwaka 646 Hijria, sawa na 1248 Miladia. Aliandika kitabu kikubwa cha dawa na vyakula, ndani yake dawa zaidi ya 1,000.

Katika kitabu hicho ametaja mmea unaoitwa aatrilali. Ni mmea wa jamii ya karoti na bizari, wenye maua meupe, unaoota Misri na Afrika Kaskazini. Kabila moja la Waberber lilijulikana kwa mmea huu, likiwauzia watu mbegu zake na kuficha siri yake. Ulikuwa unatibu baras, ambao sisi kwa Kiswahili tunauita mbalanga, yale mabaka meupe yanayotokea kwenye ngozi ya mtu.

Sasa angalia namna ya kutibu. Mgonjwa anapewa mbegu zilizosagwa, zinachanganywa na asali, anakunywa. Kisha anakaa juani, yale mabaka yakiwa wazi, kwa muda maalumu. Ngozi ile inababuka, na ikipona, rangi inaanza kurudi.

Mbegu peke yake haikufanya kazi, na jua peke yake halikufanya kazi. Vilihitajika viwili pamoja, kwa ugonjwa mmoja uliotajwa jina, kwa muda unaojulikana. Liweke hili kichwani, tutalirudia.

Karne nyingi zikapita. Katika miaka ya 1940, wanasayansi wa Misri wakauchukua mmea ule ule wakatoa kiini chake katika maabara. Daktari wa ngozi wa Cairo, Abdel Monem El Mofty, akawapa wagonjwa wa mbalanga na kuwaweka kwenye jua, kisha mwaka 1948 akachapisha matokeo yake. Kutoka Cairo elimu ikavuka bahari. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza kwamba kiini kile kile kikitumiwa pamoja na taa ya miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, kinatibu ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, ambao humfanya mtu atoke magamba kwenye ngozi.

Je, hadithi iliishia kwenye furaha? Hapana. Wagonjwa wale walifuatiliwa kwa miaka mingi, ikaonekana kwamba waliopigwa taa mara nyingi sana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya ngozi. Madaktari hawakulificha jambo hilo. Walilichapisha, wakapunguza kipimo, na wakageukia taa za namna nyingine zenye sehemu ndogo tu ya miale ile. Huu ndio uaminifu katika elimu: unasema faida na unasema madhara.

NUKTA YA PILI: MGONJWA ALIYELITAFUTA JUA

Twende Ulaya sasa. Mwaka 1860 alizaliwa Niels Finsen katika visiwa vya Faroe, huko kaskazini kabisa ambako jua ni adimu. Alisomea udaktari Copenhagen, Denmark. Akiwa bado kijana akapata maradhi ya kudumu yaliyomdhoofisha mpaka mwisho wa uhai wake. Aliona kwamba akikaa juani anapata nafuu, akaanza kujiuliza kwa nini.

Wakati ule kulikuwa na kifua kikuu cha ngozi. Si kile cha mapafu tunachokijua. Hiki kilikuwa kinakula uso: pua, midomo, mashavu. Watu walijificha ndani, hawakuweza kuoa wala kuolewa. Mwaka 1895 Finsen alianza kumtibu mgonjwa wa kwanza, mhandisi mmoja, kwa kutumia taa kali ya umeme iliyopitishwa kwenye lenzi. Mgonjwa yule akapata nafuu kubwa. Mwaka 1896 ikafunguliwa taasisi yake ya tiba ya nuru. Katika miaka michache walitibiwa wagonjwa zaidi ya 800 wa ugonjwa huo, na wengi wao walipona au kupata nafuu kubwa. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka uliofuata, 1904, alifariki akiwa na umri wa miaka 43. Taa iliwafaa wengine, maradhi yake mwenyewe haikuyaondoa.

Na kuna jambo jingine kwake ambalo wauza taa hawatakusimulia. Kabla ya hayo, mwaka 1893, Finsen alipendekeza wagonjwa wa ndui walazwe kwenye vyumba vyenye nuru nyekundu tupu, akiamini makovu yatapungua. Madaktari wengine walipojaribu kwa makini hawakuona faida. Mtu yule yule, mwenye akili ile ile na nia ile ile njema, alipatia katika kifua kikuu cha ngozi, akakosea katika ndui. Kwa hiyo taa kutibu ugonjwa mmoja si ushahidi kwamba itatibu wa pili. Kila ugonjwa unataka ushahidi wake.

NUKTA YA TATU: TAA YA BULUU NA MTOTO WA MANJANO

Mama mwenye mtoto mchanga, hapa ndipo nakuomba usome mara mbili.

Mwaka 1919 daktari wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwaweka watoto wenye matege mbele ya taa ya miale ya urujuanimno, mifupa yao ikakaza. Baadaye ikajulikana sababu: miale ile inaifanya ngozi itengeneze vitamini D. Hiyo ni faida ya kwanza ya nuru kwa watoto.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, kulikuwa na muuguzi anaitwa Jean Ward, msimamizi wa wodi ya watoto njiti. Yeye alipenda kuwatoa watoto nje kwenye hewa na jua, ingawa wengine hawakupenda. Siku moja alimwonesha daktari mtoto aliyekuwa wa manjano, lakini sasa manjano imepungua mwili mzima isipokuwa sehemu moja yenye umbo la pembe tatu. Sehemu ile ndiyo iliyokuwa imefunikwa na ncha ya shuka.

Haikuishia hapo. Chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ikasahaulika dirishani, juani. Ilipopimwa, kiasi cha manjano katika damu kilikuwa kimeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaunganisha mambo hayo mawili, wakatengeneza kifaa cha taa, wakawapima watoto, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo.

Linafanyaje kazi? Manjano ile inaitwa bilirubini. Inatokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ini la mtoto mchanga halijapata nguvu ya kuitoa. Nuru ya buluu inapoingia kwenye ngozi inaibadilisha umbo, ikawa rahisi kutoka kwa njia ya nyongo, mkojo na choo. Isipotoka ikazidi sana, inaingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kufa au kubaki na mtindio wa ubongo na uziwi. Hayo hayarudi nyuma tena.

Leo tiba hiyo ipo katika hospitali zetu. Ukipanda Bugando ukaingia wodi ya watoto wachanga utaona mtoto amelala chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, nepi peke yake mwilini. Mpango wa NEST360, unaofanya kazi Malawi, Kenya, Tanzania na Nigeria, umekuwa ukisaidia hospitali kupata vifaa vya watoto wachanga, na taa hizi ni miongoni mwa vifaa hivyo.

Utasema: "Shekhe, basi si nimwanike juani hapa nyumbani?" Hapana, mama yangu. Jua la hapa linachoma ngozi ya mtoto na kumpandisha joto, na wewe huna kipimo cha kujua manjano imefika wapi. Katika jiji la Lagos, Nigeria, walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 2015, wakawaweka watoto juani chini ya mahema ya plastiki maalumu inayochuja miale mibaya na kupunguza joto. Watoto 447 waligawanywa, wengine wakapata jua lililochujwa, wengine taa ya kawaida. Jua lililochujwa halikuwa nyuma ya taa. Lakini zingatia masharti: plastiki maalumu, wauguzi wanapima joto la mtoto kila mara, damu inapimwa. Si kanga iliyotandikwa uani.

Kwa hiyo mtoto akionekana wa manjano, hasa ndani ya siku ya kwanza, au manjano ikishuka mpaka nyayoni, au amelegea na hanyonyi, usisubiri arubaini, usimpe maji ya majani, usinunue taa ya mkononi. Nenda kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku.

NUKTA YA NNE: UTAPELI HUU SI MPYA

Finsen alipopata Tuzo, na taa za umeme zikaenea, biashara ikaamka. Katika miaka ya 1920 madukani kule Ulaya na Marekani ziliuzwa taa za jua za nyumbani zikisifiwa kwa kila jambo: uchovu, mafua, uzee. Tiba ya kweli ikawa mlango wa wasio wakweli.

Aliyekwenda mbali zaidi ni mtu anaitwa Dinshah Ghadiali, mzaliwa wa Bombay, India, aliyehamia Marekani mwaka 1911. Hakuwa daktari aliyesomea fani hiyo ipasavyo. Mwaka 1920 alianzisha mashine aliyoiita Spectro-Chrome. Lilikuwa sanduku la bati lenye balbu kubwa ndani, na mbele yake vioo vya rangi. Mgonjwa analala uchi, kichwa kaskazini, anamulikwa rangi iliyopangwa kwa ugonjwa wake. Alidai inatibu kisukari, kifua kikuu, saratani, karibu kila kitu.

Maelfu ya sanduku zile ziliuzwa. Mwaka 1947, baada ya kesi ndefu huko Camden, New Jersey, mahakama ilimtia hatiani, ikamtoza faini ya dola 20,000 na kumweka chini ya uangalizi wa miaka 5. Serikali ilionesha mahakamani kwamba baadhi ya watu aliowatangaza kuwa wamepona walikuwa wamekwisha kufa kwa magonjwa yale yale.

Ndugu yangu, linganisha. Ibn al-Baytar alitaja ugonjwa mmoja. Finsen alipona hoja yake katika ugonjwa mmoja. Cremer alitaja ugonjwa mmoja. Ghadiali alitaja yote. Na yule aliyekodi ukumbi hapa mtaani, ametaja mangapi?

NUKTA YA TANO: KUTOKA LEZA MPAKA MKANDA WA KIUNONI

Sasa tufike kwenye hicho kifaa chenyewe.

Mwaka 1960 Mmarekani Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza, nuru nyembamba ya rangi moja iliyokusanywa pamoja. Miaka michache baadaye, Budapest, Hungary, daktari wa upasuaji Endre Mester alitaka kuona kama leza inaweza kuharibu uvimbe wa saratani. Aliwanyoa panya manyoya, akawamulika. Leza yake ilikuwa dhaifu, uvimbe haukuondoka. Lakini mwaka 1967 aliona jambo ambalo hakulitafuta: manyoya ya panya waliomulikwa yaliota haraka kuliko ya wale ambao hawakumulikwa. Baadaye akaona vidonda navyo vinafunga haraka. Akaanza kuitumia kwa watu wenye vidonda sugu.

Hapo ndipo ilipoanzia tiba ya nuru dhaifu, ile isiyochoma wala kupasha moto. Wanasayansi wanaeleza kwamba nuru nyekundu, na ile ya infraredi isiyoonekana, inaingia ndani ya ngozi kidogo na kupokewa na viwanda vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya seli, navyo vikaongeza kazi. Lakini kuna sharti: ikiwa kidogo mno haifanyi chochote, ikizidi inaweza kuzuia badala ya kusaidia. Ni kama chumvi kwenye mboga.

Katika miaka ya 1990 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilikuwa linajaribu taa za LED ili kuotesha mimea ndani ya chombo cha angani. Daktari Harry Whelan wa Wisconsin akazichukua taa za namna hiyo akazijaribu kwenye vidonda, kisha kwa watoto wenye saratani ambao dawa zao kali ziliwaletea vidonda vya mdomo. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Ndiyo maana utamsikia muuzaji akisema "hii ni teknolojia ya NASA". Neno NASA ni kweli limo kwenye historia. Lakini NASA haikutengeneza mkanda ulio mkononi mwake, wala haikuupima.

Kisha LED zikashuka bei dunia nzima. Sisi wa kanda ya ziwa tumeliona hilo kwa macho yetu. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanatoka na karabai za mafuta ya taa. Leo ukisimama ufukweni usiku usio na mwezi utaona mstari wa taa nyeupe ziwani, nyingi ni LED za betri na sola. Nuru iliyokuwa ghali imekuwa ya kila mtu. Na vivyo hivyo, kiwanda chochote leo kinaweza kupanga balbu ndogo nyekundu kwenye kitambaa, kikaziita tiba.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Nyekundu tu haitoshi. Ni nyekundu ya aina gani? Nguvu yake kiasi gani? Dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki? Balbu ya mapambo ya harusi nayo ni nyekundu.

NUKTA YA SITA: KWA MAUMIVU, UKWELI UKO WAPI?

Nitakupa ninachokijua, bila kuongeza wala kupunguza.

Maumivu ya shingo: mwaka 2009 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 16 zenye wagonjwa 820. Ilionekana kwamba leza dhaifu inapunguza maumivu ya shingo, na kwa wenye maumivu ya muda mrefu nafuu ile iliweza kuendelea mpaka wiki 22 baada ya tiba kwisha. Hiyo ni leza iliyopimwa, mikononi mwa wataalamu.

Maumivu ya kiuno: mwaka 2008 wachambuzi wa Cochrane, watu mashuhuri kwa kuchuja tafiti, walisema ushahidi uliopo hautoshi kutoa kauli ya uhakika.

Vidonda vya mdomo kwa wagonjwa wa saratani: hapa ushahidi ni mzuri, na miongozo ya kimataifa inaipendekeza kwa makundi fulani ya wagonjwa.

Kisukari, presha, saratani yenyewe: mkanda wa taa si mbadala wa dawa. Mgonjwa wa kisukari akiacha insulini kwa ajili ya taa, anaweza asimalize wiki. Mwenye presha akiacha vidonge, kiharusi hakipigi hodi.

Umeona? Jibu si "ndiyo" wala "hapana". Inasaidia baadhi ya maumivu, kwa baadhi ya watu, kwa kipimo, na nafuu yake ni ya kiasi. Mtu mkweli hawezi kujaza ukumbi kwa maneno hayo, na ndiyo maana ukumbini husemwa maneno mengine.

Na kuna ndugu zetu wenye ualbino. Kwao jua ni adui wa ngozi, na saratani ya ngozi imewaondoa wengi mapema. Kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao, ya kuzuia miale. Mtu akija na taa yoyote ya urujuanimno ya "kurudisha rangi" akataka kummulika mtoto mwenye ualbino, mzuieni. Hiyo si tiba, ni dhulma.

NUKTA YA SABA: DINI INASEMAJE?

Kwanza, kujitibu ni jambo la sheria. Mtume wetu (Swalla Allahu alayhi wa sallam) aliwaelekeza watu watafute dawa, na akafundisha kwamba maradhi yana dawa zake isipokuwa uzee, kama ilivyopokewa kutoka kwa Usama bin Shariik. Kwa hiyo kutumia taa iliyothibiti hakupunguzi tawakkul. Anayeponya ni Allah, na taa ni sababu kama zilivyo sababu nyingine.

Pili, imepokewa kwa Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa utabibu. Maana yake, akidhuru, analipa. Ibn al-Qayyim amelieleza suala hili kwa urefu katika Zaad al-Maad. Ewe kijana unayeuza vifaa hivi kwa kamisheni, nisikilize. Ukimwambia mama mtu mzima aache vidonge vyake, akaanguka, usidhani kampuni ndiyo itakayosimama mbele ya Allah badala yako.

Tatu, mnakijua kisa cha Mtume alipopita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini, na muuzaji akaambiwa kwamba angeuweka ule unyevu juu watu wauone. Muuza taa naye ana sehemu kavu na sehemu mbichi. Sehemu kavu ni tafiti za shingo na vidonda. Sehemu mbichi ni kisukari na saratani. Kuficha ya chini ni ghushi, na mali ya ghushi haina baraka.

Nne, kwako mnunuzi. Kabla hujatoa pesa uliza maswali haya:

1. Kinatibu ugonjwa gani? Akitaja zaidi ya viwili vitatu, funga mjadala.
2. Kimesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Ofisi yao ya kanda ipo hapa hapa Mwanza. Omba namba ya usajili, kisha ulizia huko.
3. Nuru yake ina urefu gani wa mawimbi, na kipimo chake ni dakika ngapi? Asiyejua hilo anauza balbu.
4. Nani asitumie? Kila dawa ya kweli ina watu wasiotakiwa kuitumia.
5. Je, ameniambia niache dawa zangu? Akisema hivyo, toka.

Na kama mgongo unakuuma, nenda kwanza kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali iliyo karibu. Mara nyingi mazoezi anayokupa mtaalamu yatakufaa kuliko mkanda, na mbuzi wako watabaki zizini.

Ndugu zangu, Ibn al-Baytar alitembea nchi kwa nchi akiuliza na kuandika. Yule muuguzi wa Rochford aliangalia ngozi ya mtoto mpaka akaiona pembe tatu. Mester aliandika kwamba uvimbe haukuondoka, hakuuficha. Hao ndio walioifikisha tiba hii kwetu. Tusiwaachie urithi wao watu wanaouza maneno.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, wa nyumbani na wa hospitalini. Wahifadhi watoto wetu wachanga na mama zao. Walipe kheri madaktari na wauguzi wanaokesha. Tupe riziki ya halali na utuepushe na kula mali ya mnyonge. Amin.

Ukiona darsa hii ina faida, mfikishie mwenzako, hasa mwenye mzazi mgonjwa na mwenye mke mjamzito. Mwenye swali aulize hapo chini kwa adabu, nitajibu kadiri nitakavyoweza, na la kitabibu nitamwelekeza kwa wenyewe.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.
Ndugu yenu, imamu, Igoma, Mwanza.